K Kubwa na K Ndogo

3 Februari

Mwanangu Karani,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kama hujaituma. Sisi huku hatujambo. Karakana imejaa makochi ya hoteli moja iliyofungwa, kumi na mawili, na sponji zote zimekuwa unga. Yule mzee ninayefanya naye kazi, Vanishi, yeye anapiga vanishi mbao na mimi napiga misumari kwenye vitambaa, na tunagombana tangu kufungua mlango mpaka kufunga. Goti langu daktari amelipiga picha akasema limelika. Nikamwambia limelika na kazi, si na panya.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Tangu tulipomzika kaka nimekupigia mara sita, na mara moja uliyopokea ulisema uko kazini. Ilikuwa Jumapili.

Sasa neno lililonileta. Baba yako aliacha karatasi yenye njia ya kwenda kwenye yale maporomoko yake ya maji. Aliwahi kunionyesha kwa mbali, kama mtu anayeonyesha picha ya mchumba, akairudisha mfukoni. Naitaka. Watu wamemcheka kwa maporomoko hayo maisha yake yote, wakisema hayapo na hakufika popote. Nataka niyaone kwa macho yangu mwezi wa tatu, kabla mvua hazijaanza na kabla goti halijanigomea kabisa. Nina miaka sitini na mbili, sihitaji ruhusa ya mtu.

Usiniulize kwa nini. Na ushauri wa goti ninao wa kutosha.

Wasalimie wote hapo.

Shangazi yako


25 Februari

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imechukua siku kumi na tisa. Gari la vifurushi linazunguka mbali kwa sababu ya lile daraja. Sisi wazima. Mume wangu amehamishiwa zamu ya asubuhi, nyumba imetulia kidogo. Mdogo ameota meno mawili kwa mpigo na anauma kila mtu, mwenye nyumba akiwemo. Mama amesema nikusalimie. Hakusema zaidi.

Dukani tunachapa kutwa nzima, barua za kuomba kazi, fomu za shule, mikataba ya vyumba. Bosi amebandika tangazo ukutani kwamba kila fomu ichapwe kwa herufi kubwa, na mimi siku hizi hata orodha ya sokoni naandika hivyo.

Karatasi ninayo. Haitoki mkononi mwangu. Iko kwenye bahasha ya plastiki pamoja na cheti cha kifo cha baba, na hapo itakaa. Nimekuchapia nakala, neno kwa neno.

Umesema nisiulize kwa nini, basi siulizi. Ila nimeshangaa. Katika ukoo mzima, wewe ndiye wa kuitaka?

Redioni wamesema nguzo ya daraja imetitia na barabara imefungwa. Nakuambia ili usije kusema hukuambiwa.

Mpwa wako

TOKA CHINI YA DARAJA, FUATA MTO KWENDA JUU. JIWE LENYE UFA, K. MITI MIWILI ILIYOSHIKANA, K. KORONGO, K. MWAMBA MWEUPE, K. HALAFU PANDA.


20 Machi

Mwanangu Karani,

Marahaba. Nimefurahi kwa meno ya mjukuu wangu, na mwambie mwenye nyumba aache kumnyooshea vidole. Makochi ya hoteli yamebaki manne. Mama yako nami namsalimu, nami sisemi zaidi.

Tulikwenda Jumamosi. Nasema tulikwenda maana Vanishi alikataa kunifuata mpaka dakika niliyokuwa nafunga kamba za viatu, kisha akachukua kofia yake. Mwendo mfupi kabla ya daraja wamepanga mapipa barabarani, na kando yake mwanamke amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameshika bendera nyekundu.

"Mama, njia imefungwa."

"Imefungwa kwa magari. Mimi naonekana gari?"

"Imefungwa kwa wote. Hata mbuzi hapiti."

"Mbuzi ulimwambia akakuelewa?"

Alicheka sana, lakini bendera hakuishusha.

Tukarudi, tukazunguka kwa njia ya machimbo ya kokoto. Huko nako wamemwaga kifusi katikati ya njia, kirefu kuliko nyumba yangu, na juu yake wamesimika kibao kinachosema HAKUNA NJIA. Nikaanza kupanda. Vanishi akasimama chini ananisomea kibao kwa sauti, mara tatu, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua kusoma. Mwisho naye akapanda, na suruali yake ikachanika mahali pasipofaa kuandikwa.

Saa tano tulikuwa chini ya daraja. Tukafuata mto. Njia ni jina tu, mwanangu. Kuna mawe yanayoteleza, kuna miiba, kuna matope yanayokuvua viatu. Lakini jiwe lenye ufa tulilikuta! Nikapiga kelele ya furaha, nikatoa karatasi yako. K.

K gani? Vanishi akasema kulia. Nikamwuliza, na kwa nini isiwe kushoto? Tukatazamana. Kulia ni K na kushoto ni K. Vanishi hajui kunyamaza, akaongeza kwamba hata kaskazini ni K na kusini ni K. Tukajaribu kulia, tukakuta miti miwili iliyoshikana. Tukarudi tukajaribu kushoto, tukakuta miti miwili iliyoshikana. Msitu ule mzima miti yake imeshikana, hakuna hata mmoja wenye adabu. Makorongo nayo tulihesabu matatu, na kwenye la tatu nikaangukia goti. Nikiwa pale chini, Vanishi akakaa kando yangu, akachora hesabu kwa kijiti kwenye matope. K nne, kila moja njia mbili, jumla njia kumi na sita. Akanipa pole ya goti baada ya kumaliza hesabu.

Tulirudi mikono mitupu. Sasa niambie wewe. Kaka alikuwa mtu wa kuandika K nne bila kujua zinaelekea wapi? Ama alikuwa anatuzuga miaka yote hii, ama kuna kitu umekiacha. Vyovyote iwavyo, mimi nakwenda tena. Waambie na hao wa redioni.

Shangazi yako


14 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Sisi wazima. Jino la tatu limetoka.

"Anatuzuga." Nimelisoma neno hilo, nikaikunja barua, nikaenda kufua. Nguo zilipokwisha nikarudi nikalisoma tena.

Acha nikupe habari ya daraja lililokuzuia. Miaka saba iliyopita baba alisimama kwenye mkutano wa wakazi akasema nguzo ya katikati inaliwa na maji. Alishuka chini mwenyewe akaikagua. Unajua walimjibu nini? Mtu mmoja kiti cha nyuma alisema, "Maporomoko huyo!" na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti akaita ajenda inayofuata. Nilikuwa nimekaa kando yake. Alikaa taratibu, akashika kifungo cha koti kukifunga, na kilikuwa kimeshafungwa.

Hiyo ndiyo kazi ya jina la utani. Aliomba usimamizi wa ghala, wakasema Maporomoko atatuhesabia magunia ya ndotoni. Siku ya kumzika, kwenye kipaza sauti walisema marehemu mzee Maporomoko. Jina lake la kweli lilitajwa mara moja, tena lilikosewa.

Nilikasirika, nikaitoa karatasi nikuonyeshe kwamba baba hakuandika ovyo. Nikaiweka dirishani penye mwanga. Shangazi, nimekosea mimi. K zake hazilingani. Mbili ni kubwa, zimesimama wima. Mbili ni ndogo, hazipiti kichwa cha herufi ya jirani. Nilidhani ni mwandiko tu, nikazichapa zote kubwa kama ninavyochapa kila kitu. Miaka tisa ya kazi, na karatasi niliyoiharibu ni ya baba yangu.

Kubwa inaelekea wapi na ndogo wapi, sijui. Zipi ni kubwa na zipi ni ndogo, najua, lakini sikuambii. Nijibu kwanza. Mama anasema jina hilo halikutoka mtaani. Anasema lilitoka nyumbani kwenu, mezani. Nani alimpa baba jina hilo?

Binti yake


9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilinifikia Jumatatu na leo ni Ijumaa. Kazi haikuwa nyingi, nisikudanganye.

Mimi.

Nimeliandika peke yake ili usilitafute katikati ya maneno mengine. Kaka alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na minne. Aliniahidi tutakwenda wote. Nilikuwa nimeshashona mfuko wa kubebea vitu, kwa kipande cha turubai, na vidole vyangu vilijaa matundu ya sindano. Akaondoka alfajiri bila kuniamsha. Siku ya tatu akarudi, shati limechanika, miguu imevimba, na uso wa mtu aliyepewa habari njema. Akasimulia tukiwa mezani, wageni wapo, baba na mama wapo, na wote walikuwa wamenyamaza wanamsikiliza. Nilishikwa na hasira. Nikasema, "Maporomoko gani? Alikuwa amelala kwa rafiki yake, nimemwona mwenyewe." Sikumwona. Ulikuwa uongo mtupu. Watu wakacheka, na kicheko kile kikanipa kichwa, nikaongeza, "Karibu chakula, Bwana Maporomoko." Kesho yake lilikuwa mtaani.

Nilidhani litadumu wiki. Limedumu miaka arobaini na minane. Yeye hakunisema kwa mtu. Alinitazama tu pale mezani, akaendelea kula. Kuna siku nyingi ningeweza kusimama nikasema nilidanganya, na kila siku niliona bora ya kesho. Halafu akafa. Msamaha sikuombi kwa barua. Karatasi ni rahisi mno.

Lakini sikiliza kuhusu K. Baba yako alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Mwalimu alimfunga mkono ule kwa kamba ya kiatu mpaka akajifunza kuandika kwa wa kulia. Wewe ulimjua ameshanyooshwa, mimi nilimjua kabla. Sisi wawili tulikuwa tunauita wa kushoto mkono mkubwa na wa kulia mkono mdogo, maana kwake ndivyo ilivyokuwa. K kubwa ni kushoto, mwanangu. Hata ukininyima yaliyobaki, hilo nimekupa, ni lako.

Vanishi amepiga hesabu upya. K mbili kubwa na mbili ndogo, anasema njia zimebaki sita, na anaona tumeendelea sana.

Mwanamke wa bendera amenipa habari mbaya. Kuanzia tarehe mosi Julai wanaufunga mlima wote. Watapasua barabara mpya kwa baruti, miaka mitatu hakuna mtu kupita. Goti langu halina miaka mitatu, mwezi wa nane linawekwa chuma. Kwa hiyo mimi nakwenda mwezi wa sita, kwa njia zote sita ikibidi, na wewe utume usitume.

Shangazi yako


31 Mei

Shangazi, shikamoo.

Wote wazima. Nimechelewa kwa sababu niliandika barua tatu nikazichana. Ya kwanza ilikuwa na matusi.

Lile neno moja ulilolitenga peke yake sina jibu lake, na usilisubiri. Ile habari ya mkono nimeisoma nikalia mpaka mtoto akaacha kuuma watu akaja kunitazama. Nimeishi na baba miaka thelathini na tatu bila kujua mkono wake.

Zipi kubwa na zipi ndogo sitazituma kwa posta. Nakuja nazo tarehe ishirini na moja, na karatasi yenyewe. Bosi alisema Juni haiwezekani, ni mwezi wa fomu. Nikamwambia nimekuja kumwarifu, sikuja kumwomba. Mume wangu atabaki na watoto.

Mwambie Vanishi hesabu zimekwisha.

Mpwa wako


26 Juni

Shangazi, shikamoo.

Nimefika salama, watoto nimewakuta wazima, na kazini bado wananihitaji. Kutoka kwenye mwamba mpaka kituo cha magari hukunisemesha ila "shika hapo" na "angalia matope." Basi acha niseme mimi.

Kushoto, kulia, kulia, kushoto. Zote zilikuwa sawa. Miti ilikuwa pale aliposema, korongo lilikuwa pale, mwamba ulikuwa mweupe. Baba hakutupoteza hata hatua moja. Kilichotukwamisha ni mlima wenyewe. Ubavu mzima chini ya mwamba umemomonyoka na mvua za mwaka huu, na alipoandika "halafu panda" sasa hapapandiki kwa goti lako. Ulijaribu mara tatu. Mara ya tatu nilikushika mkanda, ukanitukana, na tusi hilo nimekusamehe.

Nikapanda peke yangu kwa viganja na magoti. Nilikaa juu karibu robo saa. Ukaita kutoka chini, "Yapo?" Nikajibu, "Yapo." Ukaita tena, "Piga picha!" Nikateremka bila picha. Simu ilikuwa mfukoni na ilikuwa na chaji, uliiona mwenyewe. Najua ndiyo maana ulininunia njia nzima.

Sikusahau. Nilikataa. Baba alirudi bila picha. Alirudi na shati lililochanika na mdomo wake, na alikuwa anasema kweli. Mimi mtoto wake nimerudi vilevile, viwiko vimechunika, nywele zimelowa, na nakuambia hivi: maji yanaanguka mara mbili. Mara ya kwanza ni mstari mwembamba, yanagonga ngazi ya jiwe, hapo yanatawanyika, halafu yanashuka yote kwa pamoja kwenye bwawa jeusi. Hewa yake ni baridi mpaka meno. Nililia kwa sauti na sikusikia kilio changu.

Ukitaka kuniamini, niamini. Ukitaka ushahidi, mlima unafungwa Jumanne.

Mpwa wako


19 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na watoto wote marahaba. Mlima wamefunga kweli. Baruti zinasikika hadi karakana, na vumbi linakuja kukaa kwenye vanishi mbichi, Vanishi anatukana wahandisi mmoja mmoja.

Nilikasirika, sikufichi. Nilikaa siku nyingi nagonga misumari kwa nguvu mpaka mzee wa watu akaziba masikio kwa pamba. Nilisema, nimepanda kifusi, nimetambaa, nimefika mita chache, na huyu binti ananinyima picha makusudi! Hasira ilipopungua niliona kwamba nilikuwa nimekaa tena palepale mezani, naambiwa kitu na mtu mwenye matope, na zamu hii ni juu yangu.

Jumapili tulikwenda kwa baba yako mkubwa kumwona mjukuu wake mchanga. Tulijaa sebule, watu kama ishirini, wengine wamekalia mikono ya makochi niliyoyashona mimi, nikanyamaza. Kaka mkubwa anapenda kuchekesha watu, akasema kwa sauti, "Nasikia mlikwenda kutafuta maporomoko ya marehemu. Enhe, mliyaona?" Midomo ilikuwa imeshaanza kufunguka.

Nikasimama. Nikasema, "Sikuyaona. Yapo."

"Hukuyaona, umejuaje yapo?"

"Binti yake ameniambia."

Wakacheka, wengine wakapiga mapaja. Nikawaacha wacheke mpaka wachoke. Kisha nikawasimulia ya mezani, mwanzo mpaka mwisho, kwamba sikumwona kwa rafiki yake wala popote, kwamba nilidanganya kwa sababu aliniacha, na kwamba mtu aliyekuwa anasema kweli ndiye aliyebeba jina. Wake wa binamu zako waliacha kucheka. Mama yako alikuwa mlangoni na sinia, hakuingia wala hakutoka. Kaka mkubwa hakuacha kucheka. Akasema, "Haya, jamani, tumepata Maporomoko mwingine!"

Alidhani nitakaa chini.

"Ndiye mimi," nikamwambia. "Nani ananiita?"

Akamchukua mjukuu wake, mwanangu, akaanza kumbembeleza, na mtoto alikuwa amelala. Nilipotoka mama yako alinisindikiza mpaka getini, akanifungia kishikizo cha sweta.

Jina limeshafika mtaani. Muuza duka ananiita hivyo, wateja wananiita hivyo, yule wa bendera ananipigia kelele toka ng'ambo ya barabara. Naitika kila mara, kwa sauti, mbele za watu. Ukinijibu, liandike hilo juu ya bahasha. Posta wanajua wanileteeje.

Shangazi yako,
Maporomoko